Watoto wa Chumba cha Chini

Nilimkuta mtoto amefungwa kwa leso kwenye mguu wa kitanda. Alikuwa msichana wa umri wa kuanza kutamka maneno, amekaa sakafuni juu ya kipande cha jamvi, na ubavuni pake pana bakuli la uji ulioganda na kokwa mbili tatu za embe alizokuwa akizichezea. Hakulia aliponiona. Alininyoshea mkono tu, kama kwamba kila aingiaye mlango ule kazi yake ni kuja kumfungua.

Chumba kile kilikuwa cha ndugu yangu wa kunyonya. Mamangu aliponizaa hakupata maziwa, na mjakazi wa nyumba yetu alikuwa amejifungua siku si nyingi nyuma, basi akatunyonyesha sote wawili, mimi na bintiye. Kwa dini tukawa ndugu, ijapokuwa mimi nililala kitandani na yeye akalala kwenye mkeka chini ya kitanda changu. Tulikua pamoja. Nilipoolewa alinifuata kwa mume. Nilipofiwa na mume, na baadaye mwanangu wa pekee akafa kwa homa, yeye ndiye aliyenishika mkono akanirudisha Kibokoni kwa mamangu, kwa kuwa mimi njia sikuiona kwa machozi.

Serikali ilipotangaza kwamba utumwa umekwisha, alikuja kutuaga. Hakwenda mbali. Alipanga chumba cha makuti Bondeni, akaolewa na mchukuzi wa forodhani, akazaa binti huyo. Mumewe alikuwa mtu wa safari za bara, harudi ila mara moja moja, na akirudi haji na kitu. Kwa hiyo ndugu yangu alitoka kila siku kabla ya jua kuchomoza, debe kichwani, kwenda Kilindini kulikokuwa kukijengwa maghala, akateka maji ya kuchanganyia chokaa mpaka alasiri.

Kila Ijumaa alikuja kutuamkia. Ijumaa ile hakuja, nami nikaingia wasiwasi. Jua lilipopungua nguvu nikajifunika, nikamchukua mtumishi wetu wa kizee, tukaenda. Ndiyo nikamkuta mtoto peke yake. Nilimfungua nikampakata, akalala pale pale, mguu wake una alama nyekundu ya fundo.

Ndugu yangu alirudi na vumbi la chokaa mpaka kwenye kope. Aliona leso iko sakafuni, akatua debe taratibu.

"Usinitazame hivyo, bibi," alisema. Bado aliniita bibi mbele ya watu, ijapokuwa tukiwa wawili aliniita dada. "Nikimwacha mlangoni, kuna kisima. Nikienda naye kazini, kuna shimo la chokaa. Mwezi uliopita mtoto wa mwenzangu alitumbukia. Wataka nimwache wapi?"

"Mlete kwangu."

"Kwenu kuna nani wa kumtazama?"

"Nipo mimi."

Alianza kupangusa kope kwa ncha ya leso. "Wewe tangu mwanao afe hujapakata mtoto wa mtu," alisema.

"Nampakata sasa."

Hivyo ndivyo ilivyoanza, bila mashauri wala nia kubwa. Alimleta asubuhi ya pili, giza halijatoka vizuri, akampitisha mlangoni kama mtu anayekabidhi kifurushi, akageuka upesi asimsikie akilia.

Nyumba yetu ilikuwa na chumba kikubwa chini, upande wa njia, ambacho marehemu baba alikitumia kwa mtama na ufuta. Tangu meli kubwa zianze kutia nanga Kilindini, biashara ya bandari ya zamani ilipungua, na chumba kilibaki kitupu, kina harufu ya magunia na panya. Nilimweka mtoto huko ili kelele zisimfikie mamangu juu. Wiki hiyo hiyo ndugu yangu alikuja na mwanamke mwenziwe wa kazini, amebeba mmoja mgongoni na kumshika mwengine mkono. Hakuniomba. Alisimama tu nje ya mlango, macho chini, ndugu yangu akasema, "Dada, na hawa." Kisha wakaja wengine, wa wachuuzi wa samaki, wa wavunja kokoto, wa mama aliyekuwa akipepeta nafaka kwenye maghala ya Wahindi. Wote walikuwa wadogo mno kupelekwa chuoni kusoma Kurani, na wakubwa mno kubebwa mgongoni kutwa.

Siku za mwanzo nilikuwa nikipanda juu adhuhuri nikiwa sina sauti. Walilia kwa zamu, akinyamaza huyu anaanza yule. Alikuwako mmoja aliyeuma wenziwe. Alikuwako mwengine asiyekubali kukaa mpaka ashike pete ya mlango, na ukimwondoa anapiga kelele hadi mpita njia anasimama. Nilimwachia pete yake. Alikula pale amesimama, akalala pale amesimama, mpaka siku moja mwenyewe akaona wenzake wanacheza akasahau kushika.

Peke yangu nisingeweza. Jirani yetu mmoja, mjane aliyekuwa akipika vitumbua vya kuuza, alianza kuleta vile vilivyoungua upande, kisha akawa anakaa kidogo, kisha akasema siku ya Jumatatu mniachie mimi. Binti wa mwalimu wa chuo kilicho nyuma ya nyumba yetu akachukua Jumatano, akawafundisha kutawadha na kusema bismillahi kabla ya kula. Hakuna aliyelipwa, na hakuna aliyeuliza. Ndugu yangu mwenyewe aliacha kazi siku moja kila wiki ili awe nasi, na siku hiyo alikosa ujira wake. Nilimwambia asifanye hivyo. Akaniambia, "Nami nataka kuwa mtu wa kutoa, si wa kupokea tu."

Mwanamke wa mwisho kujiunga alikuwa Mrabai, Mkristo, aliyelelewa kwenye misheni ng'ambo ya pili, mumewe akifanya kazi ya kutia moto kwenye gari la moshi. Alikuwa amepanga chumba karibu na ndugu yangu. Hakuwa na mtoto, na kutwa alikuwa peke yake. Alikuja kwetu mara ya kwanza kumsaidia ndugu yangu kubeba kuni, akaona watoto wamekaa kimya wananitazama mimi nami nawatazama wao, akacheka. Alivua viatu, akakaa chini, akachukua simbi kumi za kauri akaanza kuzificha mkononi na kuwauliza zimebaki ngapi. Saa nzima hakuna aliyelia. Nilipomshukuru akasema, "Mama, hawa hawataki kulindwa. Wanataka kuchezewa." Nililiweka neno hilo moyoni.

Mamangu alikuwa na shida na jambo hili tangu mwanzo. Alikuwa mwanamke wa kizamani, mwenye heshima yake, ambaye tangu aingie nyumba ile kama bibi arusi miguu yake haikugusa njia mchana. Alilalamika juu ya kelele, juu ya kamasi, juu ya watu watakaosema kwamba nyumba ya marehemu imegeuka banda. Lakini asubuhi moja, tukiwa chini, tuliona kikapu kinashuka nje ya dirisha kwa kamba, kinayumba, kinagonga ukuta. Ndani mlikuwa na tende. Watoto walitazama juu wasione mtu, maana mama alikuwa nyuma ya pazia. Siku iliyofuata kilishuka tena. Watoto wakazoea, wakawa wanakaa chini ya dirisha lile na kuita, "Bibi wa juu, sabalkheri," na kutoka nyuma ya pazia sauti yake ikajibu, kavu kidogo, "Sabalkheri, wanangu." Hakushuka hata siku moja.

Ikiwa kuna miaka ya maisha yangu ambayo ningepewa ruhusa kuirudia, ningeichagua hiyo. Haikuwa mingi. Watoto wakajifunza kuwaamkia wakubwa kwa kuwabusu mkono, kutaja majina yao na ya baba zao, kuosha bakuli zao wenyewe. Ndugu yangu alikuwa na kipaji ambacho hata mimi niliyekua naye sikukijua. Alikuwa akiingia chumbani bila kupaza sauti, akaketi, nao wakamjia mmoja mmoja mpaka wamemzunguka. Hakupiga. Mtoto akikosa, alimkalisha kwenye kizingiti cha mlango, akakaa naye ubavuni, hasemi neno, mpaka mtoto aseme mwenyewe alilolifanya. Wao ndio walioanza kumwita mwalimu. Mara ya kwanza aliposikia neno hilo aligeuka kuangalia nyuma, akidhani amekuja mtu mwengine.

Sifa ya watoto ikatoka nje. Kulikuwa na nyumba moja ndefu mtaani, ya mfanyabiashara wa pembe, na mkewe alikuwa bibi anayesikilizwa na mabibi wote. Alimtuma mtumishi kuuliza kama anaweza kumleta mwanawe wa kiume, kwa kuwa nyumbani alikuwa amewashinda yaya wote. Nilifurahi. Nilifikiri, sasa watoto wa nyumba za mawe na watoto wa makuti watakaa pamoja wakiwa bado hawajui tofauti yao. Yule bibi aliletea chumba mikeka mipya ya miyaa ya rangi, mtungi mkubwa, na vitambaa vya kushonea kanzu ndogo. Mabibi wengine wawili wakafuata na watoto wao. Kwa muda mfupi chumba kikajaa na kupendeza, na mamangu akaacha kunung'unika.

Kisha yule mtoto wa nyumba ndefu akampiga mwenziwe usoni kwa kata ya maji, damu ikatoka. Ilikuwa siku ya ndugu yangu. Alifanya kama anavyofanya kwa wote, akamshika mkono, akamkalisha kizingitini, akakaa naye. Mtoto alipiga mateke, akatukana matusi aliyoyasikia kwao, akalia, mwisho akanyamaza. Baada ya kitambo akasema, "Nimempiga kwa sababu alikunywa kabla yangu." Akaenda mwenyewe kumwomba radhi mwenziwe, wakashirikiana kata ile ile. Mimi nilikuwapo, na nasema sijaona mafunzo mazuri kuliko hayo. Lakini yaya wake alikuwa amesimama nje, akaona alichokiona.

Kesho yake bibi alikuja mwenyewe, pamoja na wale wenziwe wawili. Niliwakaribisha, nikawaamkia, nikauliza habari za nyumbani. Walijibu yote kwa adabu. Ndugu yangu alikuwa kwenye kona akiwalisha watoto uji. Jana yake nilikuwa nimemsihi aje tena leo, kwa kuwa mama wa vitumbua alikuwa mgonjwa.

"Nimekuja kwa jambo dogo," alisema bibi. "Hatukatai chumba, chumba ni kizuri. Ila mwanangu hashikwi mkono na mzalia akakalishwa mlangoni watu wakamwona. Huyo na apike uji, afagie. Kufundisha, wafundishe waungwana. Na yule Mkristo naye, sijui anawatia nini watoto masikioni."

Mzalia ni neno wanaloitwa waliozaliwa utumwani. Alilisema bila hasira, kama mtu anayetaja jina la chombo. Ndugu yangu hakuinua kichwa. Kijiko kiliendelea kutoka bakulini kwenda kinywani mwa mtoto.

"Huyu ni ndugu yangu," nilisema. "Tumenyonya ziwa moja."

"Ziwa la mamake, si la mamako."

"Ndilo lililonikuza, bibi. Wewe mwenyewe wanikuta mzima hapa kwa sababu ya ziwa hilo. Akitoka yeye, nami nafunga mlango."

Watoto wakatazamana. Bibi aliinuka, akapanga buibui lake, vazi ambalo siku hizo lilikuwa jipya na wenye nazo tu ndio walilivaa, akasema, "Haya, tumekuelewa." Jioni yake watumishi wake walikuja kuchukua mikeka na mtungi. Walivikusanya na kuondoka navyo mbele ya watoto waliokuwa bado wanangoja mama zao.

Nilidhani yamekwisha. Tulitandika tena majamvi yetu ya zamani, tukaendelea, na kwa siku kadhaa tulikuwa na furaha ya watu waliokwisha kupigana na kushinda. Lakini nyumba haikuwa yangu. Sehemu kubwa ilikuwa ya ami yangu, ndugu wa marehemu baba, na ami yangu alikuwa akifanya biashara na mume wa yule bibi. Alikuja Alhamisi baada ya Asri, akakaa na mamangu juu kwa muda, akashuka, akaniambia amempangisha chumba cha chini mfanyabiashara wa mbata, zile nazi kavu, na magunia yataanza kuletwa Jumamosi. Hakuniambia sababu, nami sikumwuliza.

"Ami, na watoto?"

"Watoto wana mama zao," akasema.

Tulikutana chumbani kwa mara ya mwisho Ijumaa jioni, mimi, ndugu yangu, yule Mrabai na mama wa vitumbua. Nililia. Ndugu yangu hakulia.

"Mbona kuna uwanja kwangu," alisema. "Mwenye nyumba hautumii. Tutaezeka kibanda cha makuti, tutandike majamvi. Watoto wenyewe wengi ni wa kule, watapunguza mwendo."

"Na mama zao hawatapita tena mji huu na madebe alfajiri," akaongeza Mrabai.

"Wewe njoo tu," ndugu yangu akaniambia. "Hapa umetupa chumba, kule tutakupa chumba sisi."

Nikapanda juu kumwambia mama. Nilikuwa na hakika atakubali, kwa ajili ya kikapu kile cha tende. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akasema kwa upole, na upole huo ndio ulionifunga, maana kwa ukali ningebishana naye. "Mwanangu, mume umezika, mtoto umezika, mimi wa kwangu nimewazika wote umebaki wewe. Watoto kuja hapa ni heshima yetu. Wewe kutoka mchana kwenda kukaa kibandani Bondeni, hapo heshima haipo. Mimi nikiwa hai hutakwenda. Nikifa, utakwenda utakako."

Kutoka mlango wetu mpaka uwanja wa ndugu yangu hapakuwa mbali. Mtu akiondoka wali ukiwa motoni, atafika na kurudi kabla haujaiva. Nilizipita njia hizo jioni, nimejifunika, pamoja na mtumishi wa kizee, mara mbili tatu. Kila nilipofika watoto walikuwa wamekwisha chukuliwa. Nilikuta majamvi yamekunjwa, kauri zimewekwa kwenye kifuu, na alama za vidole vidogo kwenye ukuta wa udongo. Ndugu yangu alinionyesha wapi fulani hukaa, wapi fulani alijificha siku ile wakamtafuta. Yule aliyekuwa akishika pete ya mlango, kule hapakuwa na pete, akawa anashika nguo ya Mrabai. Nikarudi nyumbani kupitia kwenye reli za magari madogo ya abiria yaliyokuwa yakisukumwa na watu, nikiwaza kwamba nimetembelea nyumba yangu mwenyewe wenyeji wake wakiwa hawapo.

Nilituma vitu. Unga, tende, nguo kuukuu. Mama hakukataa hata mara moja, na mara nyengine aliongeza kwa mkono wake. Ijumaa ndugu yangu alikuja, tukakaa ukumbini, akanieleza mambo ya wiki nzima, nami nikawa nacheka na kuona wivu. Watoto walikuwa wamezidi. Alikuwa ameacha kabisa kubeba maji, kina mama walikuwa wakimpa samaki, mihogo, ukuni, kila mmoja alichoweza. Nilimwona anavyoketi sasa, mgongo umenyooka. Chini yetu tulisikia watu wa mbata wakiburuta magunia.

Ijumaa ya mwisho alipokuwa akifunga leso kuondoka, aliniambia, "Wadogo wapya hawakujui. Wale wa zamani bado wakuulizia, lakini nao wanakua, wataanza chuo. Njoo kabla hawajaondoka."

"Inshallah," nikasema.

"Mwombe tena mama."

"Nitamwomba."

Sikupata nafasi nzuri ya kumwomba wiki ile. Ijumaa iliyofuata ndugu yangu hakuja, wala iliyofuata. Mtaani kulikuwa na maneno ya ndui, milango mingi ilikuwa imefungwa, na mama alikataza mtumishi asitoke hata kwenda sokoni. Nilimwuliza mama kama kuna habari zozote kutoka Bondeni. Akasema, "Watu wako katika mashaka yao. Mungu atawalinda." Ndui ilipopita, mama mwenyewe akaanguka, upande mmoja wa mwili ukafa, na ulimi ukawa mzito. Tangu hapo sikuwa na mchana wala usiku. Nilimwogesha, nilimlisha, nilimgeuza. Nilisema moyoni kwamba ndugu yangu hajui hali yetu, angejua angekuja, na nikapata hata uchungu kidogo juu yake.

Mara kadhaa katika ugonjwa ule mama alinishika mkono kwa mkono wake mzima, akasema kwa shida, "Wataka kwenda Bondeni?"

"Nitakwenda ukipona," nilimjibu kila mara.

Akageuza uso akalia. Wagonjwa wa namna ile hulia kwa kitu kidogo, nami nilimpangusa machozi nikamwambia atulie.

Alifariki msimu wa mvua. Tulipomaliza matanga na mambo yote ya msiba, nilishona buibui, kwa kuwa wakati huo lilikuwa limeenea kwa kila mtu, na asubuhi moja nikafungua mlango nikatoka peke yangu. Jua lilinipiga usoni. Nilitembea katikati ya watu wa mboga na watu wa samaki, hapana aliyenigeukia, na nilistaajabu jinsi ilivyo rahisi.

Nilisikia watoto kabla sijafika. Kibanda kilikuwa kimepanuliwa. Mrabai alikuwa amekaa katikati, na kauri zake, amenenepa kidogo. Aliponitambua alisimama, kauri zikamwagika.

"Pole na mama," alisema. "Tumesikia."

"Mwenzako yuko wapi?"

Akamwita msichana mkubwa awashike watoto, akanipeleka nyuma ya kibanda, akanikalisha kwenye kinu kilichopinduliwa.

"Mama, wewe hukuambiwa? Sote tulidhani wajua."

Ndui ilimchukua mwanzoni kabisa. Alikuwa ameuguza watoto wawili ambao mama zao waliogopa kuwashika, na wote wawili walipona. Yeye alilala siku chache. "Nilikuja kwenu," Mrabai aliniambia. "Nilikuja mara ya kwanza kusema anaumwa, anakutaka. Niligonga, akaja bibi mmoja mtu mzima mpaka kwenye ngazi, hakushuka. Akasema nitamwambia. Nilikuja mara ya pili kusema tumemzika. Ni yeye yule. Aliniuliza alikufa vipi, nikamweleza. Akasema nitamwambia. Kisha akanitupia kitambaa cha sanda, kizuri, akasema kama kimechelewa kwa huyu basi kitamfaa mwengine."

Niliuliza ndugu yangu alisema nini mwishoni. Mrabai hakutaka kusema. Nilipomshika mkono akasema, "Alikuwa akiuliza kama umefika."

Nimeyafikiri sana tangu siku ile. Mama alimwona moyoni mwake mwanawe wa mwisho akienda kuinama juu ya mgonjwa wa ndui, na alijua kwamba ningekwenda, wala mlango wala kufuli visingenizuia. Najua kwa nini alinyamaza. Lakini kujua hakukuniletea nafuu. Alikuwa na mwaka mzima na zaidi wa kuniambia baadaye, na nadhani kila aliponiuliza kama nataka kwenda Bondeni alikuwa akijaribu. Nami kila mara nilimkatiza kwa jibu la mtoto mwema.

Binti wa ndugu yangu, yule wa kwanza aliyekuja nyumbani kwetu alfajiri, baba yake alikuja kumchukua akampeleka kwa jamaa zake Takaungu. Nilituma watu kumwomba nimlee mimi. Jibu lilikuja kwamba mtoto ana kwao, na kwamba wananishukuru kwa salamu. Nilituma tena mwaka uliofuata. Mjumbe alisema amemwona, ni mkubwa sasa, mwenye afya, na alipoulizwa kama anamkumbuka bibi wa Kibokoni alisema hapana.

Nilibaki na Mrabai. Nilikwenda kila asubuhi isipokuwa Ijumaa, na hakuna mtu aliyesema neno, au kama walisema hayakunifikia. Watoto walipaita mahali pale "kwa mwalimu", na wengi wao hawakujua mwalimu mwenyewe ni nani. Siku yangu ya kwanza mtoto mmoja aliniuliza, "Wewe ndiye mwalimu?" Nikamwambia mimi ni nduguye. Akaridhika, akanipa kauri nimshikie. Tuliendelea hivyo mpaka mume wa Mrabai alipohamishwa kwenda kituo cha bara, yeye akamfuata, na mwenye uwanja naye akataka kujenga vyumba vya kupangisha. Mama wa vitumbua alikuwa amezeeka. Niliwachukua watoto waliobaki kwa muda katika chumba nilichoombewa na jirani, kisha wakaingia chuoni mmoja baada ya mwengine, na wapya hawakuja.

Siku za ndui watu walizikwa kwa haraka, wengine bila hata jiwe la kichwani, na Mrabai, ambaye hakuruhusiwa kusogea karibu, aliweza kunionyesha upande tu wa makaburi, si mahali. Kaburi la mamangu lina ukuta mdogo uliopakwa chokaa, na mimi ndiye niliyeujengesha. Nikienda kuwazuru husimama kwanza katika ule upande wenye majani, namsomea Fatiha ndugu yangu popote alipo pale, kisha naenda kwa mama.